VAKANSI KATIKA KIJIJI CHA MILIMANI: MTU ATAZAMIE NINI?



Katika masomo ya jeografia wadogo wetu wameuliza maswali mengi juu ya milima ya Alpes na vijiji vyake ambamo watu wa Ulaya wanakwenda kupumzika. Mmoja ameuliza: "Wanafuata nini kule, na baridi yote ile?" Mwingine ameuliza swali zito zaidi: "Na sisi watu wa Kasongo na Kabambare, kuna mahali pa namna ile ambapo tunaweza kufika?" Sisi wakubwa wa wanafunzi wa darasa la sita tumeona ni vema kujibu yote mawili katika gazeti letu, kusudi kila mtu asome kwa nafasi yake.

Jibu fupi ni hili: pako. Mahali pa karibu na mfano ule, panaposemwa Kiswahili, ni Lushoto, katika milima ya Usambara, nchini Tanzania. Habari zake tumezikusanya katika vitabu na kwa wandugu waliopita huko. Tutazieleza hatua kwa hatua.

1. KIJIJI CHA VAKANSI NI KITU GANI?

Ni kijiji au mji mdogo ambao wageni wanakuja kukaa siku chache, si kwa biashara, si kwa kilio, si kwa ugonjwa, lakini kwa kupumzika tu. Mara nyingi kiko mahali pa juu, na barabara inaishia pale pale au karibu yake.

Tuchukue mfano wa Zermatt, kule Uswisi. Kiko mita 1,600 hivi juu ya bahari, chini ya mlima Cervin, ambao Wajerumani wanauita Matterhorn, wenye urefu wa mita 4,478. Motokari za petroli za wageni haziingii kijijini. Zinaachwa chini, na watu wanapanda kwa treni. Zamani wenyeji walikuwa wafugaji maskini. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika juu ya mlima ule kwa mara ya kwanza, lakini wanne walikufa wakati wa kushuka. Habari hiyo ilienea Ulaya nzima, na badala ya kuwafukuza wageni iliwavuta. Wafugaji wakageuka waongozaji wa njia na wenye hoteli. Siku hizi wageni wanakuja wakati wa theluji na wakati wa joto, na katikati ya nyakati hizo mbili hoteli nyingi katika vijiji vya Alpes zinafunga milango. Anayefika wakati huo bila kuuliza anakuta mitaa mitupu.

Shikeni mambo hayo matatu: njia ya kupanda, majira yanayotawala kila kitu, na wenyeji waliokuwa na kazi yao kabla ya mgeni kuja. Lushoto tutayakuta vilevile.

2. LUSHOTO ILITOKEAJE?

Ukipanda juu mita 1,000, joto linapungua karibu digri 6. Ndiyo sababu ya kwanza. Sisi Kasongo tuko kati ya mita 500 na 700 juu ya bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Hesabuni wenyewe: tofauti ni digri 4 au 5, na usiku inazidi.

Milima ile ilikuwa na wenyewe tangu zamani. Ni nchi ya Wasambaa, na wafalme wao wa ukoo wa Kilindi walikaa Vuga. Wazee wao wanasimulia kwamba ufalme ule ulianzishwa na mwindaji mgeni jina lake Mbegha, aliyewaua nguruwe-mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa utawala. Angalieni hiyo: mgeni yule alipokelewa kwa sababu alifika na kitu cha kuwafaa wenyeji.

Wajerumani walipotawala pwani mwishoni mwa karne ya 19, joto la Tanga na la Dar es Salaam liliwashinda, na malaria iliwaua. Wakapanda Usambara. Lushoto wakaiita Wilhelmsthal, jina la mfalme wao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905. Kutoka pale mtu alipanda mpaka kwenye hewa baridi. Waingereza waliowafuata tangu mwaka 1916 walifanya vivyo hivyo, na gavana wao alikuwa na nyumba yake kule juu.

Kwetu Kongo Wabelgiji walifanya jambo lile lile katika milima ya Kivu, ambayo walipenda kuiita Uswisi ya Afrika. Lakini tuseme wazi: vakansi ile ilikuwa ya wazungu. Mtu mweusi aliingia katika hoteli za namna ile kwa mlango wa jiko, akibeba kuni, maji au masanduku. Leo mwana wa Kasongo akiingia kwa mlango wa mbele na kuandika jina lake katika kitabu cha wageni, si jambo dogo.

3. NJIA YA KWENDA

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko shule yetu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika Ziwa Tanganyika, ikavuka mpaka Ujiji, kiisha ikaendelea mpaka pwani. Kwa njia hiyo zilipita pembe za tembo, na walipita watu wengi waliofungwa minyororo. Kwa njia hiyo pia kilikuja Kiswahili tunachosema. Kwa hiyo anayekwenda Lushoto anarudi nyuma juu ya alama za miguu ya wazee wetu, isipokuwa yeye amekwenda kwa mapenzi yake.

Leo mtu anatoka Kasongo kwa piki-piki au lori mpaka Kabambare, kiisha anashuka upande wa Fizi na Baraka, au upande wa Kalemie. Hapo asifanye haraka. Njia zile zina matope, madaraja yaliyovunjika, na mara nyingine watu wenye silaha. Aulize kwanza kwa wale waliotoka huko wiki ile ile, wala asitegemee habari za mwezi uliopita. Akikuta njia haifai, arudi nyumbani, mlima hautahama.

Akivuka ziwa anafika Kigoma. Kutoka pale reli iliyofika mwaka 1914 inakwenda mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Kuna mabasi pia. Anayekwenda Lushoto anaweza kushukia Morogoro, kiisha apande basi la kupita Chalinze, Segera na Korogwe, mpaka Mombo.

Mombo kunakuwa joto, vumbi na kelele za wauza matunda madirishani. Pale unaacha barabara kubwa na kuanza kupanda. Mpaka Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini njia inajipinda kama nyoka, upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde, na unapanda karibu mita 1,000. Katikati kuna Soni, penye maporomoko ya maji unayoyaona toka barabarani. Mwenye tumbo dhaifu asile sana Mombo, na aombe kiti cha mbele. Masikio yakiziba, meza mate. Ni hewa tu inabadilika.

Mambo mawili madogo yanayoweza kuokoa maisha na safari. Kwanza, Tanzania motokari zinapita upande wa kushoto, si kuume kama kwetu. Kabla ya kuvuka barabara tazama kuume kwanza. Pili, saa yao iko mbele ya saa ya Kasongo kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa moja asubuhi, kwao ni saa mbili, na basi limekwisha kwenda.

4. BARIDI NA UKUNGU

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Vakansi kubwa yetu ni Julai na Agosti. Kasongo ni kiangazi, jua na vumbi. Mtu anafunga shati mbili na kaptula, anasema: "Tanzania si Ulaya." Lakini Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya baridi kupita yote katika Usambara. Usiku digri zinaweza kushuka karibu na 10. Theluji haianguki, lakini mtoto wa Maniema asiye na pulovere atalia.

Ukungu nao una sababu yake. Upepo wenye maji unatoka Bahari ya Hindi, unagonga milima, unapanda, unapoa, na maji yake yanageuka mawingu. Mawingu hayo kwako wewe uliye ndani yake ndiyo ukungu. Asubuhi unaweza kukosa kuuona mti ulio mbele ya mlango. Saa tano jua linatoka na bonde zima linafunguka. Kwa hiyo usikasirike asubuhi. Panga matembezi yako kwa subira.

Mvua kubwa ni ya Machi mpaka Mei, na nyingine inakuja Oktoba mpaka Desemba. Nyakati hizo njia za miguu zinateleza sana.

Chukua basi: pulovere moja nzito, soksi, viatu vya kufunga, kitambaa cha kichwa, na koti la mvua kama linapatikana. Wasichana waongeze kitenge cha kujifunika. Kinafaa kuliko koti zuri la bei kali.

Je, malaria? Katika baridi kidudu cha malaria kinakawia kukomaa ndani ya mbu, na mbu wenyewe ni wachache. Hata hivyo hawakosekani kabisa. Tena malaria ya nyumbani inaweza kupanda mlima pamoja nawe: aliyeumwa na mbu Kasongo au Kigoma anaweza kuanza kutetemeka wiki moja au mbili baadaye. Asiseme: "Ni baridi ya Lushoto tu." Aende kupimwa damu siku ile ile.

5. CHAKULA

Atakayetafuta mikate ya muhogo, mawese na samaki wa Lualaba atabaki na njaa. Kule bugali ni ya mahindi. Kuna makande, yaani mahindi na maharagi yaliyopikwa pamoja, chakula kizuri cha baridi. Kuna viazi, kabichi, karoti na maharagi mabichi, kwa sababu milima ile inalisha miji: jioni malori ya mboga yanashuka kwenda Dar es Salaam na Tanga.

Kuna pia matunda ambayo kwetu tunayaona katika vitabu tu: plamu, pichi, peasi na tufaha. Mengi yanaiva kuanzia Desemba, kwa hiyo anayekuja Julai asitazamie kuyakuta yote. Pale Irente, karibu na mji, Kanisa la Kilutheri lina shamba linalotengeneza jibini, mkate wa ngano isiyokobolewa, na jemu. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa. Harufu yake ina nguvu. Onja kidogo kwanza, wala usikunje uso mbele ya mama anayekukaribisha.

6. KISWAHILI CHETU NA KISWAHILI CHAO

Huyu ndiye rafiki tuliye naye kule, hata kama wenyeji kwa wenyewe wanasema Kisambaa. Mwingereza na Mjerumani wanapanda na kitabu cha maneno mkononi. Sisi tunapanda na kinywa chetu. Lakini tuangalie, maneno mengine yanabadilika njiani.

Sombe yetu wao wanaita kisamvu. Lenga-lenga ni mchicha. Kinga ya kupanda ni baiskeli. Ukisema "nataka kukodi kinga" hawatakuelewa, maana kwao kinga ni kitu cha kuzuia hatari. Ukisema "ninakaa kwenye masomo" watafikiri uko katikati ya somo, sema shule. Franga ni pesa au hela. Zaidi ya yote, ukiwa mgonjwa usiseme "nipelekeni kwa munganga", wasije wakakupeleka kwa mwenye mizizi na hirizi. Sema: "Nipelekeni hospitali, kwa daktari."

Tena kuna salamu. Kwetu "jambo baba, jambo mama" inatosha. Kule kijana akikutana na mtu mzima anasema "shikamoo", naye anajibu "marahaba". Anayepita kimya anahesabiwa kuwa hakulelewa. Hata njiani shambani, usipite mtu anayelima bila kumpa pole ya kazi. Salamu haina bei, na inafungua milango ambayo franga haifungui.

7. MCHANA NA USIKU

Asitazamie muziki na taa kila kona. Mchana kazi ya mgeni ni kutembea. Kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu anafika ukingo wa Irente, penye jabali. Chini yake, karibu mita 1,000, unaona uwanda wa nyika unakwenda mpaka jicho linachoka. Barabara ya Mombo inaonekana kama uzi. Pale watu wengi wanakaa kimya bila kuambiwa. Usikaribie ukingo kwa kujionyesha, hakuna ukuta.

Upande mwingine kuna msitu wa Magamba, wenye miti mirefu, vinyonga na ndege wasiopatikana nchi nyingi. Msitu unalindwa; huingii bila ruhusa na malipo, na ni vema kuchukua mwongozaji. Mbali zaidi kuna Mlalo, ambako wamisheni wa Kilutheri walifika mwaka 1891, na Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima kama kuku juu ya paa.

Milima hii ya Usambara ilitoa pia ua dogo la rangi ya zambarau ambalo leo liko katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake kwao mwaka 1892, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Wasambaa walikuwa wakilipita kila siku njiani, na hakuna aliyewauliza jina lake.

Jua linazama upesi nyuma ya mlima, na baada ya saa moja usiku mitaa inanyamaza. Duka nyingi zimefungwa. Chukua tochi, na kitabu. Alfajiri utasikia adhana, na Jumapili kengele. Kwa mtoto wa Kasongo, anayekaa kati ya msikiti na kanisa tangu kuzaliwa, jambo hili si geni. Labda ndilo litakalomfanya ajione yuko nyumbani.

8. WENYEJI WAKO KAZINI

Hili ndilo jambo ambalo mgeni wa vakansi anasahau upesi kuliko yote. Wewe umekuja kupumzika, wao hawakuja kupumzika. Lushoto ni makao ya wilaya; pana soko, hospitali, ofisi, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Mama unayemwona anapanda njia na mzigo wa kuni au kabichi kichwani si picha nzuri ya kupeleka nyumbani. Amechoka. Ukitaka kumpiga picha, omba, akikataa, acha.

Hata mashamba yale yanayopendeza macho, yaliyopangwa kama ngazi mlimani, yana historia ya jasho. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza kule Mlalo mpango wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na katika miaka ya 1950 uliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta kwa amri. Kazi ilikuwa nzito, sana sana kwa wanawake, na wenye mashamba madogo waliogopa kupoteza ardhi. Watu walikataa, wakapinga, na mwishoni mwa miaka ile serikali ikaacha. Babu zetu wa Maniema waliolima pamba ya lazima chini ya Wabelgiji wangewaelewa Wasambaa vizuri bila mkalimani.

Kwa hiyo mgeni mwema anafanya hivi. Ananunua kwa wenyeji, hata ndizi tatu. Analipa mwongozaji bei waliyopatana, wala habadili neno jioni. Hakati njia katikati ya shamba la mtu. Hatupi karatasi na plastiki mtoni, kwa sababu maji yale yanakunywewa chini. Hagawi franga kwa watoto barabarani, kwa maana mtoto akizoea kupewa na wageni, shule itamshinda. Akitaka kusaidia, pale Irente kuna nyumba ya kulelea watoto yatima na shule ya watoto wasioona; apite ofisini, aulize wanahitaji nini.

9. FRANGA NA KARATASI

Mtu atasema: "Ninyi wakubwa wa darasa la sita mnatuchekesha. Minervali haijalipwa, kaye hakuna, mnatuambia habari ya vakansi?" Ni neno la haki. Hatusemi mzazi auze mbuzi kusudi mtoto wake akaone ukungu. Minervali kwanza, na mtihani wa Serikali kwanza. Tunaandika juu ya siku zitakazokuja, wakati mmoja wetu atakuwa mwalimu, muuguzi au mfanya-biashara, na labda atapeleka mzigo Kigoma na kuwa na siku tano za nafasi. Siku ile ajue la kufanya.

Agawanye franga yake mara tatu: sehemu ya kwenda na kukaa, sehemu ya kurudi, na sehemu ya ugonjwa. Sehemu ya kurudi asiiguse hata kwa jibini. Abadilishe franga mahali panapojulikana, wala si kwa mtu wa gizani. Katika hoteli na nyumba za wageni aulize bei kabla ya kuweka sanduku chini, na aulize kama maji ya moto na chakula cha asubuhi viko ndani ya bei ile.

Karatasi: pasipoti halali, na cheti cha sindano ya homa ya manjano, ambacho anayetoka Kongo anaombwa mpakani. Juu ya viza aulize ofisi ya DGM kabla ya kuondoka. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini jumuiya haimaanishi kwamba mpaka umefutwa. Mwanafunzi asiye mtu mzima awe na barua ya wazazi.

10. KWA NINI TUNAANDIKA HAYA

Tumalize kwa neno lililotufanya tushike kalamu. Katika shule yetu wako wengi ambao wanaijua njia ya ziwa, lakini hawakuipita kwa vakansi. Tangu vita vya mwaka 1996, na tena tangu 1998, watu wa Fizi, wa Kabambare na wa kwingine walivuka maji usiku, na wengi wako hata leo katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Ndugu yako aliye pale hawezi kukusindikiza Lushoto, kwa sababu mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa. Mtapanda treni moja kwa macho tu: wewe utapita, yeye atabaki.

Kwa hiyo kwetu neno "safari" limekuwa na maana ya kukimbia. Mtoto akisikia "fungeni mizigo" moyo unaruka. Vakansi ni safari ya namna nyingine. Mwenye kwenda vakansi anajua siku ya kurudi. Ameacha mlango umefungwa na ufunguo kwa jirani, ameacha kuku na mtu wa kuwalisha, na amebeba nguo za wiki moja tu, si sufuria na godoro. Haogopi atakayokuta akirudi. Kitu hicho hakinunuliwi Lushoto wala Zermatt. Kinatoka kwenu, katika kijiji kilicho na amani.

Watu wa Alpes walikuwa maskini, na Wasambaa walilazimishwa kazi katika mlima wao wenyewe. Leo wote wawili wanapokea wageni, kwa sababu kwao mgeni analala bila hofu. Kabambare nayo ina vilima, ina mito na hewa nzuri asubuhi, na Kasongo ina historia ambayo wageni wangependa kuisikia. Kwanza amani na barabara, hoteli zitafuata. Siku moja mwanafunzi wa Lushoto anaweza kuandika katika gazeti la shule yake mambo ya kutazamia anapokuja kwetu: joto, sombe yenye mawese, Kiswahili cha namna nyingine. Sisi tumwandikie jambo moja tangu sasa: salamu atazikuta.

Mwenye swali au nyongeza aandike na kuweka karatasi yake katika sanduku la gazeti, karibu na ofisi ya masomo.



Sisi wakubwa wa wanafunzi, darasa la sita.